Asilimia kumi haimo katika sheria: hakimiliki ya Marekani na vitabu vya kozi katika maktaba ya chuo

Swali limeletwa na mkutubi Mtanzania anayefanya kazi katika maktaba ya chuo kidogo cha binafsi, kisichoendeshwa kwa faida, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Nalifupisha. Mhadhiri wa Kiswahili wa chuo hicho anatarajia wanafunzi 14 muhula ujao, na amemletea maombi manne. La kwanza ni kuskani kitabu kizima cha sarufi na mazoezi kilichochapishwa Dar es Salaam mwaka 1974, ambacho hakichapwi tena na ambacho maktaba ina nakala yake moja. La pili ni sura mbili kati ya sura 12 za kitabu cha historia ya pwani ya Afrika Mashariki kilichotolewa na mchapishaji wa chuo kikuu kimoja cha Marekani. La tatu ni hadithi fupi moja kutoka katika mkusanyo wa waandishi mbalimbali ambao bado unauzwa Nairobi. La nne ni makala mbili zilizomo katika hifadhidata ambayo maktaba inailipia. Vyote viwekwe kwenye ukurasa wa kozi, na baadhi ya nakala zichapwe Mombasa, ambako wanafunzi watakwenda wakati wa kiangazi. Mkuu wa maktaba amesema kwamba sheria inaruhusu asilimia kumi ya kitabu chochote, na kwamba vitabu vya Afrika havina hakimiliki Marekani. Mkutubi anauliza kama hayo ni kweli, na kama si kweli, afanye nini.

Ndugu mkutubi, yote mawili si kweli, na nitaanza na la pili kwa sababu halina utata. Kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam au Nairobi kinalindwa Marekani sawasawa na kitabu kilichochapishwa New York. Marekani iliingia katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, mwaka 1989, Kenya mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, na nchi zote tatu ni wanachama wa Shirika la Biashara Duniani. Ni kweli kwamba zamani vitabu vingi vya kigeni vilikosa ulinzi Marekani, ama kwa kuwa havikutimiza masharti ya usajili na alama ya hakimiliki, ama kwa kuwa nchi zake hazikuwa na mkataba na Marekani. Huenda mkuu wako aliyasikia hayo kwa mtu wa enzi zile. Lakini tangu tarehe 1 Januari 1996 sheria ya Marekani iliwarudishia wenye vitabu hivyo haki zao, ilimradi siku hiyo vilikuwa bado vinalindwa katika nchi vilikotoka. Kwa hiyo kitabu chako cha mwaka 1974, kama mtunzi wake alikuwa hai kilipotoka, kinalindwa Marekani kwa miaka 95 tangu kuchapishwa, yaani hadi mwisho wa mwaka 2069. Tanzania na Kenya hulinda kazi ya maandishi kwa muda wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Marekani haifupishi muda wake ili kuufuata huo. Inaweza kutokea, basi, kitabu kikawa huru kwa kila mtu Dar es Salaam na bado kikawa na mwenyewe Minneapolis. Sheria inayokuhusu ni ya mahali unaponakili, wala haibadiliki kwa sababu mtunzi yuko mbali na hana wakili Marekani.

Asilimia kumi ina historia yake, na nakuomba uifahamu vizuri kwa sababu utakutana na namba hiyo katika kila kikao. Mwaka 1976, Bunge la Marekani lilipokuwa likitunga sheria ya hakimiliki inayotumika hadi leo, wawakilishi wa walimu, waandishi na wachapishaji walikubaliana juu ya mwongozo wa kunakili kwa ajili ya darasa, nao ukaingizwa katika ripoti ya Bunge. Mwongozo huo unataja dondoo ya nathari isiyozidi maneno 1,000 au asilimia 10 ya kazi, kwa kuchukua kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, na unadai kwamba mwalimu awe ameamua kuitumia kazi hiyo karibu mno na siku ya somo hata asiwe na muda wa kuomba ruhusa. Haukuwa sheria. Wenyewe ulitamka kwamba unaeleza kiwango cha chini cha kilicho halali, si kikomo cha juu, na chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya Marekani kiliukataa kwa kuwa ulikuwa finyu mno kwa masomo ya ngazi hiyo. Hata hivyo maktaba nyingi ziliugeuza kuwa kanuni, kwa kuwa namba hutuliza moyo kuliko kifungu cha sheria kinachomtaka mtu apime.

Namba hiyo ilirudi kwa nguvu mwaka 2012, katika kesi ambayo kila mkutubi wa chuo Marekani anapaswa kuijua. Mwaka 2008 wachapishaji watatu, Cambridge University Press, Oxford University Press na SAGE, waliwashtaki viongozi wa Chuo Kikuu cha Georgia State kilichopo Atlanta, wakilalamikia sehemu za vitabu zilizoskaniwa na kuwekwa katika akiba ya kidijitali ya maktaba ili wanafunzi wazisome bila malipo. Jaji Orinda Evans alizipitia sehemu hizo moja baada ya nyingine, na kama kipimo akaweka asilimia 10 kwa kitabu chenye sura zisizofika 10, na sura moja kwa kitabu chenye sura 10 au zaidi. Aliona ukiukaji katika sehemu tano tu. Vyuo vingi vilishangilia na kukinakili kipimo hicho katika sera zao. Kisha, mwaka 2014, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi na Moja ilikitupilia mbali (mzunguko ni kundi la majimbo lenye mahakama yake ya rufaa ya shirikisho). Ilisema kwamba hakuna kiasi kilichowekwa kuwa halali kwa kila kazi, kwamba kila matumizi hupimwa peke yake, na kwamba haifai kuhesabu vigezo vinne vya sheria, nitakavyovitaja hapa chini, kama kura, vitatu dhidi ya kimoja, bila kuangalia uzito wa kila kimoja. Kesi ilirudishwa, ikaamuliwa upya mwaka 2016, ikatenguliwa tena mwaka 2018, na hukumu ya mwisho ikatoka Machi 2020. Katika sehemu 48 zilizochambuliwa kwa vigezo vya matumizi ya haki, yaani kunakili ambako sheria hukuruhusu bila kumwomba mwenye kazi ruhusa, 10 zilionekana kukiuka hakimiliki, na zilizosalia hazikuonekana hivyo.

Sera ya chuo inayotaja asilimia kumi bila maelezo mengine, kwa hiyo, imesimama juu ya mwongozo usio sheria na juu ya hukumu iliyotenguliwa. Ni kweli kwamba Minnesota iko chini ya Mzunguko wa Nane, na uamuzi wa Atlanta haumfungi jaji wa kwenu. Lakini hakuna mahakama nyingine ya Marekani iliyowahi kuichambua akiba ya kidijitali ya chuo kwa undani kama huo, na mwanasheria yeyote atakayeulizwa ataanzia huko.

Sheria yenyewe ya matumizi ya haki iko katika kifungu cha 107 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani, ambacho kinakutaka upime vigezo vinne: lengo na namna ya matumizi, aina ya kazi inayonakiliwa, kiasi kilichochukuliwa na uzito wake ndani ya kazi nzima, na athari ya matumizi hayo kwa soko la kazi hiyo au thamani yake. Kifungu kinataja ufundishaji kwa jina, pamoja na nakala nyingi kwa ajili ya darasa. Hapo chuo kisicho cha faida kina nafasi nzuri. Mahakama ya Atlanta ilikubali kwamba kigezo cha kwanza kinakiegemea chuo kama hicho, ingawa kuskani sura ya kitabu hakuongezi maana mpya katika kitabu. Ulinganishe na kesi ya duka la Kinko's, iliyoamuliwa New York mwaka 1991, na ile ya Michigan Document Services ya mwaka 1996, ambamo maduka ya kunakili yalitengeneza na kuwauzia wanafunzi mikusanyo ya kozi, ile ambayo vyuoni kwetu Afrika Mashariki huitwa kompendiamu, na yote mawili yakashindwa. Kwa hiyo, kama mhadhiri atapendekeza kazi hii ipelekwe kwa duka la mjini ili liwauzie wanafunzi nakala zilizojalidiwa, mkatalie mapema. Nafasi uliyo nayo ni ya maktaba na chuo, na mfanyabiashara hawezi kuiazima.

Kigezo cha pili hakikuwa na uzito mkubwa katika kesi ya Georgia State, nami sitakaa nacho. Cha tatu huwapotosha watu kwa sababu wanadhani ni hesabu tu. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuyaita matumizi ya haki maneno yapatayo 300 ambayo jarida moja liliyachukua kutoka katika mswada mrefu wa kumbukumbu za Rais Gerald Ford uliokuwa haujachapishwa, kwa sababu maneno hayo ndiyo yaliyokuwa kiini cha kitabu kile. Kidogo kwa hesabu kinaweza kuwa kingi kwa uzito. Kinyume chake pia ni kweli: sura ndefu yaweza kuwa kiasi cha haki ikiwa somo linaihitaji yote na soko haliumii. Kigezo cha nne ndicho kinachoamua mengi katika kazi yako, na ndicho kitakachotofautisha majibu yangu kwa maombi manne ya mhadhiri.

Nianze na kitabu cha historia. Sura mbili kati ya 12 ni sehemu kubwa kiasi. Mchapishaji yupo, kitabu kinauzwa, na huenda anatoa leseni ya kutumia dondoo kwa njia ya kidijitali kupitia Copyright Clearance Center, wakala anayekusanya ada hizo kwa niaba ya wachapishaji. Katika kesi ya Georgia State, leseni ya namna hiyo ilipokuwepo kwa bei ya kuridhisha, kigezo cha nne kilielemea upande wa mchapishaji; ilipokosekana, kilielemea upande wa chuo. Kagua leo, uandike tarehe na bei uliyoikuta. Maoni yangu ni kwamba sura moja, ile ambayo mhadhiri ataifundisha darasani na kuijadili, ina utetezi mzuri. Sura zote mbili, hasa kama leseni ipo na haiumizi, zina utetezi dhaifu. Njia ya kiungwana ni maktaba kununua toleo la kielektroniki linaloruhusu wasomaji wengi kwa pamoja, kwa sababu halitahitaji kupimwa tena mwakani. Mhadhiri atasema muda hautoshi. Basi muhula huu aweke sura moja, na ya pili isomwe katika nakala ya karatasi kwenye rafu ya akiba, ile ya vitabu vinavyoazimwa kwa saa chache ndani ya maktaba.

Rafu hiyo imesahauliwa siku hizi, nami nadhani kwa makosa. Kuweka kitabu halisi kwenye rafu ya akiba hakumnyimi mtu haki yoyote, kwa kuwa hakitengenezi nakala. Kifungu cha 109 kinampa aliyenunua kitabu halali uhuru wa kukiazimisha, kukitoa zawadi au kukiuza. Kulikuwa na wasiwasi zamani kwamba uhuru huo hauvihusu vitabu vilivyochapwa nje ya Marekani, jambo ambalo lingezitia shakani maktaba zote zenye vitabu vya Kiswahili. Wasiwasi huo uliisha mwaka 2013, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi kati ya mchapishaji John Wiley na Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand aliyekuwa akiingiza na kuuza vitabu vya kiada vilivyochapwa nje. Kitabu kilichochapwa kihalali popote duniani, ukikinunua, unaweza kukiazimisha Minnesota. Mhadhiri wako akisafiri kwenda Dar es Salaam au Nairobi anaweza kurudi na nakala tano za kitabu alizonunua dukani, nanyi mkaziweka kwenye rafu bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa kitabu cha sarufi, ambacho naona ndicho kiini cha swali lako. Watu wengi husema kwamba kitabu kisichochapwa tena hakina soko, na kwa hiyo kukinakili hakumdhuru mtu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ripoti za Bunge za wakati wa kutungwa kwa sheria zilikubali kwamba kuadimika kwa kazi humpa anayenakili sababu kubwa zaidi, na kwa kitabu ambacho hakiuzwi wala hakitolewi leseni, kigezo cha nne kinaelekea upande wako. Lakini kitabu hiki kina sifa mbili zinazokukabili. Kwanza, kiliandikwa kwa ajili ya darasa, na mhadhiri anataka kukitumia kwa lengo lilelile. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliwahi, mwaka 1983, kuamua kesi ya mwalimu wa sayansi kimu aliyenakili kurasa 11 kutoka katika kijitabu cha mwalimu mwenzake kuhusu kupamba keki, akaziingiza katika kijitabu chake cha kurasa 24 kwa ajili ya darasa lake. Hakutoza senti hata moja, na alishindwa, kwa sababu pamoja na mengine nakala yake ilitumika kwa lengo lilelile la kijitabu cha mwenzake. Pili, kina mazoezi ya kujazwa. Mwongozo wa mwaka 1976, pamoja na udhaifu wake wote, ulikataza kunakili vitabu vya mazoezi, na katika hilo naona ulikuwa na haki, kwa sababu mtunzi wa mazoezi hana kitu kingine cha kuuza.

Kwa hiyo usiskani kitabu kizima na kukiweka kwenye ukurasa wa kozi. Usikubali pia ile njia ya kusema kwamba kwa kuwa maktaba ina nakala moja ya karatasi, mtaskani kitabu chote na kukiazimisha kidijitali kwa mtu mmoja mmoja huku nakala ya karatasi ikifungiwa kabatini. Maktaba kadhaa ziliitegemea hoja hiyo, lakini Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili, katika kesi ya Hachette na wachapishaji wenzake dhidi ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, iliikataa. Hukumu hiyo haina nguvu ya kisheria Minnesota, na ilihusu vitabu ambavyo matoleo yake ya kielektroniki yalikuwa sokoni, lakini sitamshauri mkutubi wa chuo kidogo awe wa kwanza kupima tofauti hiyo mahakamani.

Badala yake, mwulize mhadhiri swali ambalo ni la ualimu kabla ya kuwa la sheria: katika muhula wa wiki 15, ni masomo gani ya kitabu hiki utakayoyafundisha hasa? Aghalabu anayesema anataka kitabu kizima hutumia masomo matano au sita, maelezo ya ngeli na viambishi vya nyakati yakiwa mbele. Akikuorodheshea masomo hayo, yaskani bila kurasa za mazoezi ya kujazwa, andika jina la mtunzi, mchapishaji na mwaka kwenye ukurasa wa kwanza wa kila nakala, yafungie ndani ya mfumo wa kozi ili wayaone waliojiandikisha tu, na yaondoe muhula ukiisha. Nadhani hayo ni matumizi ya haki, na ningeyatetea mbele ya mkuu wako bila kusita. Mazoezi mhadhiri atunge mwenyewe. Anayefundisha lugha anaweza, na wanafunzi wake watafaidika zaidi na mifano inayowahusu.

Kwa mwanafunzi mmoja mmoja kuna mlango mwingine. Kifungu cha 108 kinairuhusu maktaba kumtengenezea msomaji aliyeomba, kwa ajili ya kusoma na kutafiti, nakala ya sehemu ndogo ya kitabu, na hata ya kitabu kizima ikiwa maktaba imetafuta kwa bidii ya kuridhisha na kuona kwamba nakala haipatikani kwa bei ya haki. Nakala hiyo inakuwa mali ya msomaji. Usiutumie mlango huo kwa wanafunzi 14 wa kozi moja, kwa sababu kifungu hichohicho kinakataza kunakili kwa utaratibu na kwa pamoja. Na kama mmoja wa wanafunzi haoni, au ana ulemavu unaomzuia kusoma maandishi ya kawaida, jibu langu lote kuhusu kitabu kizima linabadilika: kifungu cha 121 na hukumu ya mwaka 2014 kuhusu HathiTrust, hifadhi ya kidijitali ya vitabu vya maktaba za vyuo, vinakupa nafasi ya kumwandalia nakala nzima anayoweza kuitumia, na unapaswa kumwandalia.

Kabla ya kuachana na sarufi, mkumbushe mhadhiri kwamba kuna vifaa ambavyo havihitaji kupimwa kabisa. Kozi ya msingi ya Kiswahili iliyotayarishwa miaka ya 1960 na Foreign Service Institute, chuo cha kuwafundisha wanadiplomasia wa Marekani, ni kazi ya serikali ya nchi hiyo, na kwa kifungu cha 105 kazi ya namna hiyo haina hakimiliki Marekani. Mifano yake ni ya zama zake, lakini mazoezi yake ya matamshi na sarufi yanaweza kunakiliwa yote, kupunguzwa na kurekebishwa.

Kuhusu hadithi fupi, hapa ndipo ninapowaomba walimu wa Kiswahili wawe waangalifu kuliko sheria inavyowalazimisha. Hadithi moja kati ya 15 huonekana kama sehemu ndogo ya kitabu. Lakini kila hadithi ina mtunzi wake na hakimiliki yake, kwa hiyo mwandishi anaweza kudai kwa haki kwamba mmechukua asilimia mia moja ya kazi yake. Katika kesi ya Georgia State mahakama ilipima kwa kitabu kizima kwa sababu wachapishaji walikuwa wamechelewa kuileta hoja ya kupima kila sura kama kazi kamili. Hoja yenyewe haikushindwa. Isitoshe, mkusanyo huu uko sokoni. Soko la fasihi ya Kiswahili Marekani ni dogo, na nakala 14 ambazo mchapishaji mkubwa wa Marekani asingezisikia zinaweza kuwa mauzo yote ya mwaka ya kitabu hicho nchini humo. Agiza vitabu Nairobi sasa, kabla muhula haujaanza, viuzwe katika duka la chuo au viwekwe kwenye rafu ya akiba. Ikiwa meli au posta itachelewesha, kuskani hadithi hiyo kwa wiki za mwanzo, huku risiti ya uagizaji ikiwa mkononi, ni jambo ninaloliona la haki. Kuifanya skani ndiyo njia ya kudumu, muhula baada ya muhula, silioni hivyo.

Makala za hifadhidata hazina mjadala mrefu. Hapo kinachotawala kwanza ni mkataba ambao chuo kilisaini, na kifungu cha 108 chenyewe kinasema kwamba hakiondoi wajibu ambao maktaba imejifunga nao kwa mkataba. Weka kiungo kinachompeleka mwanafunzi kwenye makala ndani ya hifadhidata, usipakue faili na kuliweka upya. Kiungo hakitengenezi nakala, na pia huhesabiwa katika takwimu za matumizi ambazo utazihitaji bajeti ya maktaba itakapojadiliwa.

Kwa Mombasa, usichukulie kwamba utetezi wako wa Minnesota utasafiri pamoja na wanafunzi. Nakala itakayochapwa Mombasa itahukumiwa kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ambayo inaorodhesha makusudi yanayoruhusiwa, kama vile utafiti, matumizi binafsi na uhakiki, na haina mizani pana kama ya kifungu cha 107. Kwa mikusanyo ya shule na vyuo vikuu inazungumzia vifungu vifupi visivyozidi viwili vya kazi moja, pamoja na kumtaja mtunzi. Masomo matano ya kitabu cha sarufi hayaingii humo. Wanafunzi wanunue vitabu wakiwa hukohuko, kwani maduka yapo, na chuo mwenyeji kitaweza kuwaelekeza.

Umeuliza pia, kwa wasiwasi ninaouelewa, kama unaweza kudaiwa wewe binafsi. Fidia iliyopangwa na sheria ni kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi iliyokiukwa, na inaweza kufika dola 150,000 kwa ukiukaji wa makusudi. Lakini kifungu cha 504 kinaiamuru mahakama iifute fidia hiyo pale ambapo mfanyakazi wa taasisi ya elimu isiyo ya faida, au wa maktaba, akiwa kazini, aliamini kwa sababu za msingi kwamba kunakili kwake kulikuwa matumizi ya haki. Ulinzi huo ni mkubwa, na ni wa mtu aliyefikiri. Kwa hiyo kwa kila ombi andika ukurasa mmoja: jina la kazi, sehemu iliyochukuliwa, idadi ya wanafunzi, uliyoyaona katika kila kigezo, ulikotafuta leseni na ulichokikuta, na tarehe. Usisubiri kuombwa. Mpelekee pia mwanasheria wa chuo nakala ya utaratibu huu, kwa sababu mimi naeleza sheria kwa ujumla na yeye ndiye anayekiwakilisha chuo chenu.

Limebaki la mwenye kitabu cha sarufi. Mwandikieni. Historia ya uchapishaji Afrika Mashariki inafanya kazi hii kuwa ngumu: mashirika yamevunjika, mengine yameungana, na haki zimehama. Shirika la East African Literature Bureau, kwa mfano, lililoanzishwa mwaka 1948, halikubaki lilivyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na shughuli zake za Kenya zilirithiwa na Kenya Literature Bureau. Anza na mchapishaji aliyetajwa kwenye kitabu au aliyemrithi, kisha COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kisha idara ya Kiswahili ya chuo ambako mtunzi alifundisha, kwani wenzake aghalabu wanajua familia ilipo. Andika kwa Kiswahili. Taja kitabu, masomo mnayoyataka, idadi ya wanafunzi, muhula, na kwamba nakala itafungwa kwa waliojiandikisha. Toa malipo, hata kama ni madogo, bila kungoja yaombwe. Na omba ruhusa ya miaka mitatu au mitano ili msirudi kila muhula. Familia ikijibu kwamba ingependa kitabu kichapwe upya, mpeni mhadhiri barua hiyo, kwa kuwa yeye na walimu wenzake wa Kiswahili Marekani ndio wanunuzi ambao mchapishaji atataka kuwajua kabla ya kukubali. Pasipokuwa na jibu, kimya hicho si ruhusa ya kukiskani kitabu kizima. Weka nakala ya barua katika jalada la kozi, andika tarehe ulipoituma, na uendelee na masomo yale machache aliyoyachagua mhadhiri.